Kudumu kwa Hadithi za Oz: Mtambaji, Hadhira na Walinzi wa Fasihi ya Watoto

Utangulizi

Kitabu kikidumu zaidi ya miaka mia moja, aghalabu hudhaniwa kwamba kimedumu kwa sababu kimelindwa. Walimu hukitia katika mitaala, wakutubi hukiweka rafuni, wahakiki hukiandikia tahakiki, nacho hupokezwa kizazi hadi kizazi kama mali ya wakfu. Fasihi ya watoto ndiyo inayotegemea ulinzi wa namna hii kupita nyingine zote, kwa kuwa mtoto hanunui kitabu kwa fedha zake, wala hana sauti katika baraza linaloamua kipi kinunuliwe na kipi kiachwe. Anayesoma siye anayechagua.

Mfululizo wa vitabu vya nchi ya Oz, ulioanzishwa na Mmarekani Lyman Frank Baum mwaka wa 1900, unaikanusha dhana hiyo. Kwa zaidi ya nusu karne vitabu hivi havikuwa na mlinzi wa kutajika. Mwandishi mwenyewe alijaribu kuukomesha mfululizo wake. Wakutubi wengi walikataa kuuweka katika vyumba vya watoto. Nao wasomi, isipokuwa wachache, waliupita kimya. Hata hivyo hadithi ya msichana Dorothy na wenzake watatu iliingia karne ya ishirini na moja ikiwa hai, tena ikiwa imezaa hadithi nyingine nyingi. Swali linalozuka basi ni hili: ni nani aliyeihifadhi? Makala haya yanadai kwamba jibu limo katika uhusiano baina ya mtambaji na hadhira yake, uhusiano ambao wanafunzi wa fasihi simulizi wanaufahamu vyema, lakini ambao ni nadra kutafutwa ndani ya vitabu vilivyopigwa chapa.

Chimbuko

Baum alizaliwa tarehe 15 Mei 1856 katika kijiji cha Chittenango, jimbo la New York. Baba yake alikuwa amepata mali katika biashara ya mafuta, lakini mwana hakurithi bahati hiyo. Alifuga kuku wa fahari na kuandika kitabu juu yao. Aliigiza jukwaani na kutunga michezo. Aliuza mafuta ya mashine. Mwaka wa 1882 alimwoa Maud Gage, binti wa Matilda Joslyn Gage, ambaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za kupigania haki ya wanawake kupiga kura. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwani katika nchi ya Oz watawala wenye hekima ni wanawake, na wanaume wenye vyeo mara nyingi ni watu wa kelele tupu.

Mwaka wa 1888 Baum na jamaa yake walihamia Aberdeen, katika eneo la Dakota, ambako alifungua duka. Ukame ulipowafukarisha wakulima, duka nalo likafa mwaka wa 1890. Akaendesha gazeti la kila juma, nalo likaanguka. Mwaka wa 1891 alikwenda Chicago, akawa mchuuzi wa kuzunguka na vyombo vya kauri, na mwaka wa 1897 akaanzisha jarida la kuwafunza wenye maduka namna ya kupamba madirisha yao. Nyumbani, jioni, aliwatambia hadithi wanawe wanne pamoja na watoto wa majirani. Katika masimulizi hayo ya mdomo ndimo mlimoota mbegu ya vitabu vyake.

Mwaka wa 1899 alishirikiana na mchoraji W. W. Denslow kutoa Father Goose: His Book, kitabu cha mashairi ya watoto kilichopendwa sana. Mwaka uliofuata kampuni ya George M. Hill ya Chicago ilichapisha The Wonderful Wizard of Oz. Michoro ya Denslow haikuwa pambo la kubandikwa tu. Rangi za kurasa zilibadilika kufuatana na nchi aliyofika Dorothy: kijivu kwa Kansas, buluu kwa nchi ya Wamunchkin, kijani kwa Mji wa Zumaridi. Mtoto ambaye hajajua kusoma aliweza kutambua kwa macho kwamba safari inasonga mbele.

Katika dibaji ya kitabu hicho Baum alieleza nia yake. Alitaka kuandika hekaya ya kisasa, yenye maajabu na furaha ya hekaya za kale lakini isiyo na vitisho na majonzi yake. Ahadi hiyo hakuitimiza yote, kwani humo humo Mkata-miti wa Bati anakata vichwa vya mbwa-mwitu arobaini, na Sanamu ya Kutishia Ndege inanyonga kunguru arobaini. La maana si kutimia kwa ahadi, bali mwelekeo wake: kuanzia ukurasa wa kwanza, mwandishi alijipima kwa furaha ya mtoto, wala si kwa funzo ambalo mtu mzima angependa mtoto alipate.

Maajabu ya vitu vya nyumbani

Mtoto wa Marekani wa wakati huo alizoea kusoma hekaya zilizotoka ng'ambo, za akina Grimm wa Ujerumani na za Andersen wa Denmark. Humo mlikuwa na wafalme, misitu minene na makasri. Baum aliyatoa maajabu katika makasri akayaweka katika shamba la mahindi. Wahusika wake wameundwa kwa vitu ambavyo mtoto wa mkulima aliviona kila siku: nguo kuukuu zilizojazwa majani makavu, bati la mfua bati, kopo la mafuta ya kulainisha viungo. Dorothy mwenyewe ni yatima anayelelewa na mjomba na shangazi waliochakazwa na jua na upepo, katika nyumba ya chumba kimoja. Kimbunga kinapoing'oa nyumba hiyo, kinaibeba pamoja na kila kilichomo, mbwa wake Toto na kitanda chake. Maajabu hayamwiti mtoto aondoke kwake. Huja na kumchukua pamoja na nyumba yake.

Mpango wa hadithi ni ule wa safari, mpango unaofahamika katika ngano za mataifa yote. Dorothy anataka kurudi kwao. Sanamu ya Kutishia Ndege inataka akili, Mkata-miti wa Bati anataka moyo, Simba Mwoga anataka ushujaa. Wanaelekea kwa Mchawi mkuu wa Oz ili awape. Lakini njiani kila tatizo linalohitaji akili hutatuliwa na Sanamu. Mkata-miti hulia machozi, hata kutu ikayafunga mataya yake, kwa kumkanyaga mdudu mmoja. Na Simba ndiye anayeruka shimo refu akiwa amewabeba wenzake mgongoni. Msomaji mtoto hutambua kabla ya wahusika wenyewe kwamba kile wanachokitafuta tayari wanacho. Hapa ndipo ulipo ufundi mkubwa wa kitabu. Mtoto, ambaye daima huambiwa na wakubwa kuwa hajui, kwa mara moja anajua zaidi ya watu wazima waliomo hadithini.

Naye Mchawi wa Oz hana uchawi wowote. Ni mzee aliyetoka Omaha, aliyewahi kupanda puto katika maonyesho ya sarakasi, na aliyefika Oz kwa puto lililopotea njia. Hata ule ukijani wa Mji wa Zumaridi watokana na miwani ya kijani ambayo wenyeji wamefungwa machoni kwa kufuli. Akiumbuliwa, huwapa wenye haja pumba zilizochanganywa na pini kuwa akili, moyo wa hariri uliojazwa vumbi la mbao, na kinywaji kuwa ushujaa, nao huridhika. Hadithi inayomwonyesha mtoto kwamba sauti kubwa ya mwenye enzi yaweza kuwa ni ya mtu mdogo nyuma ya pazia haizeeki, kwa sababu kila kizazi kina mapazia yake.

Barua za watoto

Baum hakukusudia kuandika kitabu cha pili. Alidhani amemaliza, akageukia hadithi nyingine. Katika dibaji ya The Marvelous Land of Oz, kilichotoka mwaka wa 1904, alisimulia jinsi watoto walivyomwandikia barua wakitaka habari zaidi za Sanamu na Mkata-miti. Msichana mmoja alisafiri mwendo mrefu kuja kumwomba ana kwa ana. Baum akamwahidi kwamba wasichana elfu moja wakimwandikia barua elfu moja, ataandika. Barua zilipotimia, kwa maelezo yake, akatimiza ahadi.

Tangu hapo hadhira haikumwachilia tena. Kitabu cha tatu kilitoka mwaka wa 1907, cha nne 1908, cha tano 1909. Katika The Emerald City of Oz cha mwaka wa 1910 Baum aliazimia kufunga mlango. Aliifanya nchi ya Oz isionekane na watu wa nje, ili habari zake zisiweze kumfikia mwandishi tena. Katika dibaji ya kitabu hicho hicho alikiri jambo la ajabu kwa mwandishi wa karne ya ishirini: kwamba huenda ingefaa ukurasa wa jina uonyeshe kuwa kitabu kimetungwa na yeye pamoja na wale waliomwandikia barua, kwa vile ametumia mawazo mengi ya watoto.

Akajaribu kuwapa watoto nchi nyingine, za chini ya bahari na za mbinguni, katika The Sea Fairies cha mwaka wa 1911 na Sky Island cha mwaka wa 1912. Vitabu hivyo havikupokewa kama vya Oz. Wakati huo mwandishi alikuwa katika dhiki. Onyesho lake la mwaka wa 1908, lililochanganya sinema, picha na waigizaji, lilikuwa limemtia katika madeni, na mwaka wa 1911 alitangazwa kuwa amefilisika. Yaweza kusemwa, na kwa haki, kwamba ukosefu wa fedha ndio uliomrudisha Oz. Lakini fedha hizo zilikuwa mikononi mwa nani, ila mikononi mwa wazazi walioombwa na watoto wao kitabu kimoja na si kingine?

Jinsi alivyorudi yastahili kuangaliwa. Nchi ilikuwa imefungwa. Ingefunguliwaje bila kuvunja maneno yake? Baum alieleza katika dibaji ya The Patchwork Girl of Oz, mwaka wa 1913, kwamba mtoto mmoja aliuliza kwa nini habari za Dorothy zisipatikane kwa simu ya upepo. Mtoto ndiye aliyempatia mwandishi ufunguo wa mlango aliokuwa ameufunga. Vivyo hivyo, kisa kizima cha The Lost Princess of Oz cha mwaka wa 1917 kilitokana na msichana wa miaka kumi na mmoja aliyewaza, katika mazungumzo na mwandishi, huzuni ambayo ingewapata watu wa Oz kama malkia wao Ozma angepotea au kuibiwa. Baum aliendelea kuandika kitabu kimoja kila mwaka hadi kufa kwake tarehe 6 Mei 1919. Kitabu chake cha kumi na nne kilichapishwa mwaka wa 1920, yeye akiwa kaburini.

Mtu aliyelelewa katika mkeka wa hadithi hatashangazwa na habari hizi. Mtambaji husema "Paukwa" na kungoja. Asipoitikiwa "Pakawa" haendelei. Hadhira huuliza, hukatiza, husahihisha, hudai mhusika fulani arudi. Wahakiki wa vitabu vya Oz wamelalamikia migongano iliyomo, na migongano hiyo ipo kweli: habari ya jinsi Mchawi alivyoshika utawala haisimuliwi kwa namna moja katika vitabu mbalimbali, na matumizi ya fedha yanayoonekana katika kitabu cha kwanza yamekwisha toweka katika kile cha mwaka wa 1910, ambamo nchi haina fedha wala maskini. Kwa kipimo cha riwaya hizo ni kasoro. Kwa kipimo cha utambaji ni alama za usiku tofauti na maswali tofauti.

Walinzi waliokataa

Wakati watoto wakiuliza na kujibiwa, walinzi wa fasihi walikuwa na mashaka. Wakutubi wa watoto nchini Marekani, waliokuwa wakijenga taaluma yao katika miongo ya kwanza ya karne ya ishirini, walikuwa na uadui na mifululizo mirefu. Waliona kwamba mfululizo humzoesha mtoto kitu kile kile, kwamba lugha yake ni ya kawaida mno, na kwamba fedha chache za maktaba zifaa zitumiwe kwa vitabu bora. Hoja hizo si za kudharauliwa. Nathari ya Baum ni nyepesi kweli, na baadhi ya vitabu vya mfululizo ni dhaifu. Kosa lao lilikuwa kuchukua wepesi wa lugha kuwa ni wepesi wa fikra.

Mwaka wa 1957 jambo hili lilijitokeza hadharani. Mkurugenzi wa maktaba za mji wa Detroit, Ralph Ulveling, alisema kwamba vitabu vya Oz havina la kumwinua mtoto, tena vinashusha akili kwenye kiwango cha woga. Lawama zilipozuka, alifafanua kwamba havikupigwa marufuku, bali maktaba iliacha tu kuvinunua kwa ajili ya vyumba vya watoto. Mwaka wa 1959 mkutubi mkuu wa jimbo la Florida alisambaza orodha ya mifululizo isiyofaa kununuliwa, Oz ikiwamo. Baadaye mashaka yalitoka upande mwingine. Mwaka wa 1986, katika jimbo la Tennessee, hakimu aliwakubalia wazazi Wakristo kwamba watoto wao wasilazimishwe kusoma kitabu cha shule kilichokuwa na hadithi mbalimbali, ya Oz miongoni mwao, kwa kuwa hadithi hiyo inamwonyesha mchawi kuwa mwema. Mwaka wa 1987 mahakama ya rufani iliitengua hukumu hiyo.

Mwaka ule ule wa 1957, katika jimbo lile lile la Michigan ambamo Detroit imo, chuo kikuu cha Michigan State kilichapisha kitabu cha Martin Gardner na Russel B. Nye kilichotetea hadhi ya Baum. Mwaka huo pia, kijana wa miaka 13, Justin Schiller, alianzisha chama cha wapenzi wa Oz kikiwa na wanachama 16, pamoja na jarida lake. Profesa mmoja, mwandishi wa mambo ya sayansi na hisabati, na kijana wa shule: hao ndio waliokuwa jopo la utetezi. Mwaka wa 1964 mwalimu wa shule ya sekondari, Henry Littlefield, alichapisha makala yaliyoifasiri hadithi kuwa ni fumbo la siasa za wakulima wa Marekani wa miaka ya 1890, viatu vya fedha na njia ya matofali ya manjano vikiwa ishara za ugomvi juu ya fedha na dhahabu. Fasiri hiyo ilienea sana madarasani, ingawa baadaye Littlefield mwenyewe alikubali kwamba hakuna ushahidi kuwa Baum alikusudia hivyo. Kufikia mwaka wa 2000, Maktaba ya Bunge la Marekani ilikuwa ikiadhimisha miaka mia ya kitabu kwa maonyesho maalumu. Walinzi walifika hatimaye, ila walikuta hadithi tayari imejilinda.

Watambaji wengine

Baum alipokufa, wachapishaji wake walimtafuta mtambaji mpya. Ruth Plumly Thompson aliandika vitabu 19 baina ya 1921 na 1939, zaidi ya idadi ya Baum mwenyewe. Wengine wakafuata, akiwamo John R. Neill, aliyekuwa mchoraji wa mfululizo tangu 1904, hata kufikia mwaka wa 1963 vitabu vilivyotambuliwa rasmi vikawa 40. Mwaka wa 1939 ndipo filamu ya kampuni ya MGM ilipotokea, na Judy Garland akiwa Dorothy. Filamu iligeuza viatu vya fedha kuwa vya yakuti ili ving'ae katika rangi, tena ikaifanya safari nzima kuwa ndoto. Tarehe 3 Novemba 1956 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika televisheni ya Marekani, na kuanzia 1959 ikawa desturi ya kila mwaka kwa miongo kadhaa, jamaa wakikutanika mbele ya chombo kama walivyokutanika mababu mbele ya moto.

Mwaka huo huo wa 1956 haki ya kunakili kitabu cha kwanza ilikoma. Tangu hapo yeyote aliweza kukichapisha, kukifupisha, kukichora upya au kukigeuza. Katika Urusi jambo hilo lilikuwa limetangulia. Aleksandr Volkov, mwalimu wa hisabati mjini Moscow, alianza kukitafsiri kitabu cha Baum kama zoezi la kujifunza Kiingereza, akaishia kukitunga upya. Kitabu chake, Mchawi wa Mji wa Zumaridi, kilitoka mwaka wa 1939. Msichana anaitwa Ellie na ana wazazi wake, mbwa anasema, tena Ellie anatabiriwa kwamba hatarudi kwao mpaka awasaidie viumbe watatu kupata haja zao. Badiliko hili la mwisho ni kubwa. Kwa Baum urafiki wa njiani ni wa bahati. Kwa Volkov kuwasaidia wengine ndiyo njia yenyewe ya kurudi nyumbani. Baada ya toleo jipya la mwaka wa 1959, Volkov aliongeza vitabu vingine vitano vya kwake, na watoto wengi wa Ulaya ya Mashariki waliijua nchi hiyo bila kulijua jina la Oz.

Huko Marekani kwenyewe, mwaka wa 1975, Wamarekani Weusi walipanda jukwaa la Broadway na mchezo wa kuimba wa The Wiz, wakaisimulia hadithi hiyo kwa lugha na muziki wao. Filamu yake ya mwaka wa 1978 ilimtoa Dorothy Kansas ikamweka Harlem. Hatimaye Gregory Maguire, katika riwaya yake Wicked ya mwaka wa 1995, alimpa sauti yule Mchawi wa Magharibi aliyelaaniwa na wote. Kutokana nayo ukatungwa mchezo wa kuimba wa mwaka wa 2003, na filamu mbili za 2024 na 2025. Jina alilompa mchawi huyo, Elphaba, limetokana na herufi za kwanza za jina la Baum. Hivyo mtambaji wa kwanza akageuzwa mhusika, na aliyekuwa adui akapewa zamu ya kusema.

Doa

Historia ya kweli haiwezi kuishia hapo. Alipokuwa mhariri huko Aberdeen, Baum aliandika maneno ambayo hayafutiki. Mwezi wa Desemba 1890, baada ya kuuawa kwa kiongozi wa Walakota, Sitting Bull, na tena mwanzoni mwa Januari 1891, baada ya wanajeshi kuwaua wanaume, wanawake na watoto wa Kilakota pale Wounded Knee, aliandika tahariri zilizopendekeza wenyeji asilia waliobaki waangamizwe wote. Mwaka wa 2006 wazao wake waliwaomba radhi watu wa taifa la Sioux.

Wala doa hili halikubaki magazetini. Katika The Patchwork Girl of Oz mna viumbe weusi walioitwa Tottenhots, jina lililopinduliwa kutoka lile la dharau ambalo walowezi wa kusini mwa Afrika waliwapa Wakhoikhoi. Katika Rinkitink in Oz cha mwaka wa 1916, mwanamfalme aliyegeuzwa mbuzi hurudishiwa ubinadamu wake hatua kwa hatua, na kiumbe huyo anawekwa kuwa hatua ya chini ya ubinadamu. Baadhi ya matoleo ya baadaye yamebadilisha sehemu hizo. Hata ukimya wa kitabu cha kwanza una maana: nyanda za Kansas anazoziona Dorothy zi tupu, kana kwamba hapakuwa na mtu kabla ya mjomba wake.

Je, msomaji afanyeje? Wapo wanaosema mtunzi na utungo ni mambo mawili, na wapo wasemao mkono mchafu huchafua chungu kizima. Historia ya Oz yaonyesha njia ya tatu. Hadithi ambayo hadhira imeishiriki toka mwanzo si mali ya mtunzi peke yake, kwa hiyo hadhira ina haki ya kuihukumu na kuirekebisha. The Wiz haikungoja ruhusa ya mtu ili kuwaweka Weusi katikati ya nchi ambayo mwanzilishi wake aliwaweka pembeni na kuwacheka. Lakini haki hiyo haina budi kwenda na wajibu wa kutoficha. Anayempa mtoto kitabu hiki leo yampasa ajue kilitoka katika mkono gani.

Hitimisho

Mvuto wa kudumu wa vitabu vya Oz hauelezeki kwa uzuri wa nathari yake, wala kwa ukubwa wa funzo lake, wala kwa hisani ya maktaba. Unaelezeka zaidi kwa ukweli kwamba mwandishi alizoea kutamba kabla ya kuandika, na kwamba alipoandika hakuacha kusikiliza. Aliruhusu, mara nyingi bila kupenda, watoto wamwulize, wamdai na wamkosoe. Na kile walichokidai wakakiona kuwa chao. Kitu ambacho mtu anakiona kuwa chake hakisahau kwa sababu mkubwa amekiondoa rafuni.

Kwa mtaalamu wa fasihi simulizi, habari hii yatia shaka ule mpaka unaochorwa kati ya neno la mdomo na neno la chapa, kana kwamba hadithi ikishapigwa chapa hadhira yake hunyamaza. Kwa wale wanaoandika, kuchapisha na kuchagua vitabu vya watoto kwa Kiswahili, yaacha swali ambalo si rahisi. Mtoto wa Afrika Mashariki amelelewa katika utamaduni unaomtaka aitikie kabla hajasimuliwa. Akipewa kitabu ambacho kila jibu limekwisha tolewa na funzo limeandikwa katika mstari wa mwisho, amepewa kisichomhitaji. Kabla ya kumlaumu kwamba hapendi kusoma, yafaa kwanza kuuliza kama kitabu alichopewa kiliwahi kungoja itikio lake.